Breki Zilezile

Kabla watu hawajampa jina la Fundi Sali-Kwanza, alikuwa fundi wa breki ambaye madereva walimpangia foleni tangu asubuhi. Gereji yake ilikuwa uani kwake: banda la mabati, shimo la kuingilia chini ya gari, na ukuta uliotundikwa spana kwa ukubwa wake. Mkewe alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilikaa barazani, mahali ambapo aliweza kukunja pindo huku akimtazama mumewe akibishana na nati. Binti yao wa pekee alianza kumpitishia baba vifaa kabla hajajua kusoma, na hakuwa akikosea. Ukisema kumi na tatu, inakuja kumi na tatu. Wakamwita Spana, na jina lake la shuleni likabaki shuleni.

Nyuma ya banda, chini ya turubai, lilikaa gari la familia. Lilikuwa gari la spoti la zamani, jekundu, la viti viwili, halina paa, na boneti yake ndefu kama ulimi wa mbea. Babu yake Spana alikuwa dereva wa mpimaji ardhi mmoja, na mpimaji huyo alipohama akamwachia. Babu alipofariki likawa la baba. Faida halikuwa nayo. Halikubeba magunia, halikubeba abiria, na mvua ikinyesha lilikulowesha kama umesimama uwanjani. Lakini Jumapili baba alilitoa, mama akajifunga kitambaa kichwani, Spana akabanwa katikati yao, wakazunguka mtaa mzima huku watoto wakilikimbilia. Mama alicheka sana ndani ya gari lile. Kwingine alikuwa mtu wa kutabasamu tu.

Mama alikuwa na kaka mmoja, mtu wa maneno matamu na viatu vinavyong'aa. Siku moja alikuja kuliazima.

"Shemeji, mara moja tu. Kuna binti nataka anione nimekaa mahali pa maana."

"Chukua," baba akasema. "Ila usilipeleke mlimani. Lina mbio kuliko wewe."

Jioni habari zikafika kabla ya gari. Mjomba alikuwa ameteremka mlima wa kinu kwa kasi, kona ikamshinda, na gari likaingia katika ukuta wa kinu cha unga. Yule binti hakuwamo, bahati yake. Mjomba alitoka mkono umevunjika, na plasta yenyewe haijakauka alikuwa ameshatoa maelezo yake.

"Breki zilikatika," aliwaambia waliokuja kumwona hospitali. "Nilikanyaga, nikakanyaga, kama nakanyaga tope. Ni Mungu tu."

Baba naye alikuwepo, amesimama karibu na kitanda. Harufu ya pombe ilikuwa bado kwenye shati la shemeji yake. Asubuhi alikwenda kuliangalia gari pale lilipokwama. Bomba la breki lilikuwa zima, mafuta yake yamejaa, na pedali aliikanyaga ikakataa kama mlango uliofungwa. Barabarani hapakuwa na alama hata moja ya tairi lililozuiwa. Mtu yule hakuwa amekanyaga breki kabisa.

Baba alisema. Aliwaambia madereva, aliwaambia majirani, alimwambia kila aliyesimama kumsikiliza. Lakini mkono wenye plasta una sauti kuliko mdomo wa fundi. Wakaitikia kwa kichwa na kupeleka magari yao kwingine. Mchekeshaji mmoja wa kijiweni akasema ukitengenezewa breki na yule, sali kwanza ndipo uwashe. Jina likaganda. Mwaka haukuisha, fundi wa breki akawa anachomelea mageti na kubadilisha magurudumu ya matoroli. Hata wenye baiskeli walimletea pancha tu, breki wakapeleka kwingine.

Hayo yote aliyameza. Lililomkaa kooni ni neno la mkewe. Usiku wa siku ile aliyolikagua gari alimweleza kila kitu, na mama akasema, "Kaka yangu ana makosa mengi, nayajua. Lakini hawezi kukuzushia wewe jambo kama hilo."

Baba hakubishana. Alilivuta gari mpaka nyuma ya banda, akalifunika, na mbele ya mkewe hakulitaja tena. Waliishi, walikula pamoja, waliuguzana. Ila Spana, aliyekuwa mtoto wa darasa la nne, aliona kwamba mama ameigeuza cherehani yake ikatazama ukuta.

Mjomba alipona na akastawi. Alifungua shule ya udereva, akaandika mlangoni kwa herufi kubwa USALAMA NI TABIA, na akawa anaitwa Mkurugenzi. Spana alikua. Alijifunza ufundi wa bodi kwenye gereji kubwa ng'ambo ya mji, kunyoosha mabati na kuchomelea, kisha akarudi kufanya kazi uani kwa baba yake. Wateja walikuwa wake. Walimjia yeye kwa bodi zilizobonyea, wakampita baba kwa salamu ya haraka.

Ndipo siku moja akaja msichana aliyekuwa anajifunza kuendesha. Alikuwa amebonyeza mlango wa gari la kaka yake na alitaka unyooshwe kabla kaka hajarudi safari. Alikuwa mchangamfu, anaongea bila kituo.

"Mkurugenzi wetu anachekesha huyo! Kila darasa jipya anasema, kabla hujateremka mlima jiulize nani alifunga breki zako. Eti kuna fundi alimfungia breki kwa kamba ya kiatu. Na huyo fundi ni shemeji yake mwenyewe! Darasa zima tulicheka mpaka machozi. Anaitwa nani vile... Fundi Sali-Kwanza. Dada, unamjua?"

Spana alikuwa na nyundo mkononi. Aliishusha taratibu juu ya meza. "Namjua," akasema.

Hatua chache kutoka hapo baba alikuwa ameinamia toroli. Hakuinua kichwa, lakini mikono yake ilikuwa imesimama. Msichana alipoondoka, mzee alikwenda nyuma ya banda, akashika pembe ya turubai, akalivuta lote. Vumbi likapanda. Panya wawili wakatoka kwenye kiti wakakimbilia kwa jirani.

"Tulitengeneze," akasema.

"Ili iweje, baba?"

"Ili apande."

Tangu siku hiyo, kila walipomaliza kazi za watu walihamia kwenye gari. Kutu ilikuwa imekula sakafu mpaka ukikaa ungeweza kupiga miguu chini kama mtoto mwenye gari la boksi. Spana alikata palipooza na kuchomelea bati jipya. Injini ilikuwa imeshikana; baba aliimwagia mafuta kwenye silinda, akaiacha, akarudi, akaiongezea, akaibembeleza kama mgonjwa anayekataa dawa, hadi siku ilipokubali kuzunguka. Kabureta waliitafuta kwenye majalala ya vyuma ya miji mitatu. Mbele ndiko kulikuwa na kazi. Ukuta wa kinu ulikuwa umelikunja gari pua, na Spana aliipiga ile pua kwa hasira hata baba akaja kumshika kiwiko.

"Taratibu, mwanangu. Bati halijakukosea."

"Namfikiria mjomba."

"Mfikirie ukiwa unapiga msasa. Hapo ukizidisha nguvu hakuharibiki kitu."

Basi wakawa wanamgawa mjomba kwa kazi. Kazi ya kuchosha ilikuwa ya mjomba, kazi ya ustadi ilikuwa ya gari. Walicheka. Spana alijua kwamba kicheko kile hakikuwa kizuri, lakini baba yake alikuwa hajacheka miaka mingi na hakutaka kumkatiza. Jioni alirudi ndani mikono imevimba na moyo umechangamka. Aliota sura ya mjomba ikibadilika rangi. Aliichagulia rangi, kama walivyochagua ya gari.

Mama aliwatazama kwa mbali. Halafu siku moja akaja na futi yake ya kupimia, akainama ndani ya gari bila kuombwa, akapima viti. Alivishona kwa ngozi nyeusi, mshono wa mara mbili, kazi safi kuliko ya kiwandani. Alipokuwa akivivalisha alimuuliza mumewe huku hamtazami.

"Mtampandisha na kaka yangu?"

"Wa kwanza," baba akajibu.

Mama akapumua kama mtu aliyetua mzigo. Alidhani ni suluhu. Spana alitazama pembeni.

Zilipofika breki, binti na baba waligombana kidogo. Spana alitaka mpya zote: ngoma, lainingi, bomba, kila kitu.

"Hapana," baba akasema. "Gari zima linaweza kuwa jipya. Breki zibaki zilezile. Bomba lilelile nililolikunja kwa mikono hii. Nitabadilisha mipira na mafuta tu, kwa sababu mpira huoza hata ukiwa mwadilifu."

Alizisafisha mwenyewe kwa brashi na mafuta ya taa, kipande kwa kipande, akazifunga. Asubuhi moja, barabara ikiwa tupu, walilipeleka gari mlima wa kinu kulijaribu. Goti la kushoto la baba lilikuwa limeshakataa klachi, hivyo usukani ulikuwa wa Spana. Aliteremka polepole, kisha kwa kasi, kisha kwa kasi zaidi, na kila mara gari lilisimama palepale alipotaka, limenyooka, kama ng'ombe aliyevutwa kamba. Kando ya barabara, juu kidogo ya kona, kulikuwa na jiwe kubwa lililopakwa chokaa.

"Hapa," baba akasema na kuligonga kwa fimbo yake. "Kwa mwendo wowote, ukifunga hapa utasimama kabla ya kona. Ukilipita jiwe hili, sikuahidi kitu. Umenisikia?"

"Nimesikia."

Shule ya udereva ilikuwa na mahafali yake, na mjomba aliyafanyia palepale chini ya mlima wa kinu, kwa sababu ndipo alipowafundishia wanafunzi wake kuondoka kwenye mteremko. Kulikuwa na viti vya kukodi, wazazi, wanafunzi waliovaa fulana za shule, na spika inayokoroma. Mama alialikwa kama dada wa Mkurugenzi akawekwa mstari wa mbele. Baba alikwenda pia, kwa mara ya kwanza, akasimama nyuma ya watu kwenye kona.

Hotuba ilipofikia habari za fundi na kamba ya kiatu, Spana aliingia na gari. Jekundu, limeng'arishwa, linaunguruma. Watu wote waligeuka. Mjomba alilitazama kama mtu aliyeona maiti inapunga mkono.

Spana alizima injini na kusema kwa adabu, kwa sauti ya kusikika, "Shikamoo, mjomba. Tumelifufua gari la familia. Baba anasema haifai mtu mwingine yeyote apande kabla yako."

Wanafunzi wakapiga makofi. Mama alifuta machozi kwa pembe ya kitambaa. Mjomba alitazama gari, akatazama wageni wake, akatazama kipaza sauti mkononi. Angesema nini? Mwalimu wa udereva anaogopa kupanda gari?

"Marahaba, mama. Hii ndiyo familia," akasema, akamkabidhi mtu kipaza sauti na kupanda.

Walipanda mlima wakiongea ya kawaida. Mjomba alisifu viti. Kileleni Spana aligeuza, akasimama, akaweka gia.

"Mjomba," akasema, "kila kitu humu ni kipya isipokuwa breki. Breki ni zilezile. Bomba ni lilelile."

Mjomba alicheka, kisha akaacha. "Unatania."

"Sitanii. Kama zilikatika siku ile, na leo zitakatika, tutakufa wote wawili. Kama hazikukatika, sema. Sema kwa sauti, watu wako chini pale wasikie. Ukisema tu, nakanyaga."

Akaachia klachi. Gari likaruka kama lililosubiri siku hiyo. Mjomba alishika mlango, akashika kiti, akatafuta mkanda ambao haukuwahi kuwamo. "We mtoto! We mtoto, simamisha!" Upepo ukampokonya kofia. Spana aliona fulana za wanafunzi zikikua, akaona jiwe jeupe likija, na mguu wake ulikuwa sakafuni, mbali na pedali ya breki. Mjomba alikuwa bado analia simamisha, simamisha. Hilo halikuwa neno alilolitaka. Jiwe likapita.

"Hazikukatika!" mjomba akapiga yowe. "Hazikukatika! Jamani, hazikukatika! Nilikuwa nimelewa mimi! Hazikukatikaaa!"

Spana akakanyaga. Matairi yakalia, harufu ya mpira ikajaa hewani, na gari likasimama mwanzoni mwa kona, pua yake umbali wa mkono kutoka kwenye ukuta wa kinu. Spika ilikuwa inakoroma peke yake. Mjomba alikuwa ameinua mikono yote miwili kama mtu anayekamatwa, bado ananong'ona, hazikukatika, hazikukatika, na suruali yake ya mahafali ilikuwa imelowa mpaka gotini.

Mwanafunzi mmoja akaanza kucheka. Walimfuata wote. Spana aliitazama ile sura aliyoiota siku zote akipiga msasa. Rangi yake ilikuwa ya majivu, sawasawa na alivyoichagua, na alifurahi. Hakuna haja ya kumsingizia huzuni. Alifurahi mpaka meno yakagongana.

Mama aliinuka kitini. Alipita mbele ya kaka yake bila kumtazama, akaenda mpaka aliposimama mumewe.

"Kwa nini hukuniambia?" akauliza, sauti haitoki vizuri.

"Nilikuambia," baba akasema.

Mama alimshika mkono, wakaondoka kwa miguu, taratibu kwa sababu ya lile goti.

Wiki ile ile mjomba alikuwa na jina jipya. Akipita dukani, sauti inatoka uchochoroni: Hazikukatika! Akifungua dirisha la ofisi, watoto wanaotoka shule wanaimba. Aliona aibu hata kutoka nje, akahamia mji mwingine, na jina likamfuata huko kwa simu. Waliorudi kwa baba walikuwa wengi, wale wale walioitikia kwa kichwa. Hakuwafukuza, ila hakuna aliyepita bure.

"Umesali?" alimuuliza kila mmoja, uso mkavu.

"Fundi, tusamehe bwana, ulikuwa mzaha tu..."

"Nauliza umesali. Hujasali? Nenda ukasali, urudi kesho."

Na wakaenda, na wakarudi kesho. Mchekeshaji wa kijiweni alirudishwa mara nyingi kuliko wote, akiwa na lori lisilo na breki na mzigo wa vitunguu unaooza. Baba alilifunga breki siku vitunguu vilipoanza kunuka.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo hakulicheka. Siku ya pili baada ya mahafali, Spana alipokuwa anafuta gari, baba alikuja akaketi juu ya ndoo iliyogeuzwa.

"Jiwe ulilipita," akasema.

Spana aliendelea kufuta.

"Nilikuwa pale kwenye kona. Nililiona gari linalipita jiwe, na mama yako amekaa mstari wa mbele. Nikuulize kitu kimoja, na usinidanganye, nimechoka na uongo wa jamaa. Angenyamaza, ungefunga?"

Spana alikunja kitambaa, akakikunjua. "Sijui, baba."

Mzee akanyoosha mkono, na Spana akauweka ufunguo katika kiganja kile kilichojaa makovu. Baba aliutia mfukoni. Hakumkaripia wala hakumweleza kitu. Alisema tu kwamba kosa ni lake yeye, amemlisha mtoto chakula cha watu wazima, na akaenda kumsaidia mama kuigeuza cherehani kutoka ukutani, ambayo ilikuwa nzito kwa mtu mmoja.

Ufunguo alimrudishia baada ya muda, asubuhi moja, bila maneno, kama mtu anayekurudishia kikombe.

Mjomba alikuja mara moja tu, amekonda, na viatu vyake havikung'aa. Alisimama barazani, akamwita dada yake kwa jina la utotoni. Mama alikuwa anashona sare za shule. Hakusimamisha mguu. Kaka alieleza, akaomba radhi, akalia, na cherehani ikawa inamjibu tu kwa mlio wake, pindo baada ya pindo, hadi akachoka, akasema basi, akaondoka. Alipotoka getini mama alikata uzi kwa meno na kusema, "Nilimwamini mimi. Yeye nitamsamehe siku nikijisamehe mwenyewe." Hawakumsikia akimtaja tena.

Baba alifariki akiwa na foleni ya magari uani. Gereji sasa ni ya Spana, breki na bodi, na ana mafundi wawili chini yake, wote wanawake wenye midomo. Mmoja wao, mcha Mungu, humuuliza mara kwa mara kama amemsamehe mjomba wake, maana mzee huyo anaumwa na hana mtu.

"Msamaha upo," Spana humwambia. "Nimeuweka mahali. Nikikumbuka ni wapi, nitampelekea."

Yule mwenzake hutikisa kichwa. Spana huvuta kibao cha magurudumu, hulala chali, na kujisukuma chini ya gari la mteja.